Anapotoka Gerezani, Asiachwe Peke Yake



Ndugu zangu wasomaji, na hasa mama zetu, wiki hii nilikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya malezi. Nimeyaweka kando kwa ajili ya jambo nililolibeba kifuani kwa miaka, na ambalo sehemu yake ni kosa langu mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nikienda kila Alhamisi kuwasomesha wafungwa katika gereza moja la pwani yetu. Humo nilimkuta kijana niliyemwanzisha alifu na be chuoni kwangu alipokuwa mdogo. Alikuwa ameingia kwenye unga, akaiba simu ili apate pesa ya kete, akahukumiwa miezi minane. Majuma ya mwanzo aliumwa na arosto, akitapika na kutetemeka sakafuni, kisha mwili ukatulia. Alinenepa. Sauti yake ya kusoma ikarudi ilivyokuwa utotoni, nami nikawa namtolea mfano mbele ya wenzake.

Siku moja kabla hajatoka nilifanya mambo mawili. Nilimwapisha kwa jina la Mola kwamba hataugusa tena unga. Kisha nikampigia simu mamake, mjane auzaye mahamri, nikamwambia, "Mama, mshukuru Mola, mwanao amepona." Alilia kwa furaha. Nami niliona nimetenda jema.

Siku ya nne, baada ya Isha, kijana alijifungia chooni. Mamake alisikia kukoroma kuzito, kunakoanza na kukatika, lakini ukumbini walikuwapo wageni waliokuja kumpongeza, akaona haya kugonga. Mlango ulipovunjwa, midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Akamwagiwa ndoo ya maji baridi; mtu akaleta maziwa. Alfajiri niliitwa kwenda kumwosha.

Katika mkono wake niliona alama moja tu mpya ya sindano. Moja. Matangani walisema kwamba aliutumia unga kwa pupa, wengine wakasema amejiua, na mtu mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama aswaliwe. Nilisimama mbele nikamswalia, wala sikumjibu.

Baadaye muuguzi mmoja alinifunza nisilolijua. Unga hulegeza sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi. Anayeutumia kila siku mwili wake hujizoesha, kiasi kwamba kipimo cha kumuua mtu mwingine yeye hukistahimili. Akiukosa, hata kwa majuma machache ya rumande, mazoea yale huondoka. Hamu haiondoki. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, kete ile ile iliyokuwa ikimtuliza humzima. Tena akiichanganya na pombe au vile vidonge vya usingizi ambavyo vijana huviita bugizi, hatari huzidi. (Jambo hili pia humpata aliyetoka nyumba ya tiba, na aliyejizuia Ramadhani nzima akarudi maskani siku ya Idi.)

Wala si habari ya pwani yetu peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika majuma mawili ya mwanzo, hatari yao ya kufa kwa kuzidiwa na dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo. Niliposoma hesabu hiyo nilizihesabu siku za kijana wangu. Zilikuwa nne.

Basi kile kiapo changu kilifanya nini? Hakikumwondolea hamu, kilimfunga kinywa. Hamu ilipomjia hakuwa na mtu wa kumwambia, maana sheikh alikwisha kumwapisha na mama alikwisha kuambiwa kwamba mwanawe amepona. Kilichobaki ni kujifungia. Mtu akitumia peke yake nyuma ya mlango, hakuna wa kumwona anapoacha kupumua.

Nina jingine la kukiri. Nilikuwa nikisema barazani kwamba methadoni ni kuondoa ulevi kwa ulevi. Nilisema bila elimu. Dawa hiyo ilianza kutolewa katika kliniki za serikali nchini mwetu mwishoni mwa mwaka 2014, pale Mathari, Nairobi, na Malindi ikafuata mwaka 2015. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kwa kipimo cha daktari; humwondolea arosto, ikampa nafasi ya kufanya kazi na kukaa na watu wake. Kulinda nafsi ni miongoni mwa makusudio ya Sharia, na mlango wa tiba haufungwi kwa maneno ya barazani. Mwenye jamaa gerezani na aulize mapema, kabla ya siku ya kutoka, ni kliniki gani itakayompokea.

Ipo pia naloksoni, dawa ya sindano au ya kupuliza puani, ambayo huuondoa unga mahali ulipoukamata ubongo na kurudisha pumzi katika dakika chache. Uskoti ilianza mwaka 2011 kuwapa wafungwa dawa hiyo mkononi wanapotoka. Waulizeni wahudumu wa kliniki kama wanayo, na mjifunze kuitumia. Nguvu yake huisha upesi, pengine kabla ya ile ya unga, kwa hiyo aliyezinduka nayo hana budi kufikishwa hospitali.

Ukimkuta anakoroma isivyo kawaida, mboni zake zimekuwa kama ncha ya sindano, midomo imepauka au kuiva buluu, usiseme amelala. Mtikise, mwite kwa jina, msugue kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoamka, piga ukelele watu waje. Aibu iwekeni kando. Kama pumzi imekatika au inakuja kwa mbali sana, inua kidevu, mbane pua, umpulizie kinywani, pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi, mpaka msaada ufike. Akipumua vizuri, mlaze ubavu. Maziwa yatamziba koo, na maji baridi hayarudishi pumzi.

Mama wa yule marehemu bado anauza mahamri. Mwezi uliopita aliniita nyumbani kwa jirani yake, ambaye mwanawe alikuwa ametoka rumande jana yake. Nilipofika nilikuta amekwisha kumwambia fundi aling'oe komeo la mlango wa choo. Kijana alikuwa ameketi mkekani, kichwa chini. Mama yule alimwambia, "Mwanangu, ikikujia, hata usiku wa manane, niambie mimi au mamako. Hatutakupigia kelele." Kisha akanigeukia, "Na wewe Sheikh, huyu usimwapishe."

Sikumwapisha. Nilimwuliza kliniki hufunguliwa saa ngapi, nikamwambia nitamfuata asubuhi twende sote.