Kusoma mawazo ya mwenzako: karata na kisoro

Siku hizi katika internat kuna mabishano: karata ni zambi ao ni mchezo tu? Zile zilizokamatwa ziko kwa mwangalizi, na hatuandike hapa kwa kuziomba. Tunataka kusema kile mchezaji anafanya katika kichwa chake, maana wengi wanaokataza na wengi wanaocheza hawajakiangalia.

Tutwae karata za kuhesabu pointi. Asi ni 11, seti (ile saba) 10, rwa 4, vale 3, dame 2, zingine bure. Kila rangi ina pointi 30, zote pamoja 120, basi mwenye kufikisha 61 amekwisha kushinda. Watu wa pwani waliita dame mzungu wa pili, vale mzungu wa tatu na rwa mzungu wa nne. Jina lenyewe linakuambia pointi. Maneno yao kopa, shupaza na turufu (sisi tunasema atu) yalitoka kwa Wareno.

Mchezaji mubaya anaangalia mukono wake. Muzuri anahesabu zilizopita: asi mbili zimetoka, seti ya atu bado. Mpinzani ametupa karata ya bure juu ya asi yangu. Kumbe hana atu! Ao anayo, anaificha. Pale kwenye "ao" ndipo mchezo unaanza, kwa sababu yeye pia anajua kwamba unahesabu. Mwaka 1928 mtaalamu wa hesabu John von Neumann alionyesha kwamba katika mchezo wa watu wawili, ambapo faida ya mumoja ni hasara ya mwingine, kuna namna ya kucheza ambayo hata adui akiijua haimuongezee kitu. Lakini mara nyingi inakulazimisha kuchanganya, leo kuficha, kesho kuonyesha, bila desturi. Mwezi wa kwanza 2017, kule Pittsburgh, Marekani, programu ya ordinateri iliyoitwa Libratus ilicheza poka na mabingwa wane siku 20, michezo 120,000, ikawashinda. Haikusoma uso wa mutu. Sisi tunaojisifu kusoma macho ya wenzetu, tufikiri kidogo!

Sasa kisoro. Wanyarwanda wanaita igisoro, Waganda omweso. Mistari 4 ya matundu 8, matundu 32, mbegu 64, kila mutu 32. Hakuna kilichofichwa hata kimoja. Ungesema basi kubashiri ni rahisi, lakini hapana. Mbegu ya mwisho ikiangukia tundu lenye mbegu, unazichota zote, unaendelea kupanda. Ukikamata za adui, unazipanda tena. Mwendo mumoja unazunguka mpaka ubao wote umegeuka. Mwenye kuona mizunguko miwili mbele amezaliwa na kichwa, wa mitatu ni mzee aliyecheza miaka mingi. Na hakuna kusema "nilipewa karata mbaya". Ukibaki bila tundu lenye mbegu mbili, umeshindwa, na sababu ilikuwa wazi mbele ya macho yako tangu mwanzo. Kwa sisi, hiyo ndiyo tofauti kubwa kupita maneno yote ya zambi.

Mutu atauliza, yote hii juu ya nini? Februari 2024 vita ilifunga barabara ya Goma na Bukavu hapa Shasha. Kila jamaa ilihesabu: hawa wakishuka milima, wale watapiga kutoka wapi? Twende Sake ao Minova, ao tungoje usiku, tupite ziwa? Nani anatudanganya, nani anajua? Karata zilikuwa zimefunikwa, na hakuna aliyekuwa na 61. Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema juu ya mufalme anayeketi kwanza na kushauri kama watu elfu kumi wataweza kukutana na elfu makumi mawili. Wazazi wetu hawakupewa nafasi ya kuketi. Walihesabu huku godoro liko juu ya kichwa.

Basi tunaomba kwa Bwana Prefe jambo moja tu: ruhusa ya kuchimba matundu 32 chini ya ule mti wa avoka, nyuma ya refektwari. Mbegu 64 tutatafuta sisi wenyewe. Juu ya karata, tutazungumza siku ingine.