Mwaka wa Kusoma kwa Sauti

Ukiniuliza nimesoma nini mwaka huu, nitakutajia vitabu vichache kuliko vya miaka ya nyuma, na vyote nimevisoma kwa sauti. Mama yangu haoni tena. Presha ya macho ilimla taratibu, ikianzia pembeni, na tulipofika kwa daktari mwanga uliobaki ulimtosha kujua tu kama kumekucha. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akisoma hata gazeti lililofungia vitumbua. Akabaki na redio, nayo akaichoka. "Baba," akaniambia, "wewe si unasoma kila usiku? Basi soma nami nisikie."

Nilidhani ni kazi ya jioni chache, mpaka atakapopata kitu kingine. Hajapata, na mimi sipendi tena nilivyokuwa nikivipenda.

Nilikulia kwenye riwaya za kukimbizana. Marehemu baba alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi vya Elvis Musiba, vitabu kadhaa vya Ben Mtobwa, na magazeti ya Sani yaliyokwisha poteza majalada. Kwetu Morogoro, Willy Gamba, mpelelezi wa Musiba, hakuwa mtu wa kubuni sana. Katika Kufa na Kupona anatumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa, na wapigania uhuru tulikuwa nao hapa hapa. ANC ya Afrika Kusini ilifanya mkutano wake mkubwa mjini kwetu mwaka 1969, na miaka ya baadaye ikajenga shule yake Mazimbu, ile ya Solomon Mahlangu, ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Ukimwona kijana mgeni sokoni amevaa miwani nyeusi, ulikuwa na haki ya kumtungia kisa.

Vitabu hivyo nilivisoma kwa kuruka. Maelezo ya machweo, mavazi, mawazo ya mtu aliyeketi peke yake, yote niliyapita kama basi la mikoani linavyopita vituo vidogo. Nilitaka kujua nani kauawa na nani kaua.

Sinema nilizijulia kwenye kibanda umiza. Banda la mabati, mabenchi yasiyo na migongo, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la nondo, na joto la kukufanya utoke umelowa. Lakini kilichotupeleka pale, nikikumbuka vizuri, hakikuwa picha. Ilikuwa sauti ya Lufufu. Derek Gaspar Mukandala, kwa jina lake kamili, alikuwa akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya kanda yenyewe: anatafsiri, anaeleza, anawasemea wahusika, na pale filamu inapopooza anaongeza chumvi yake. Mchina hajafungua mdomo, tayari tunajua anamwazia nini adui yake. Banda zima lilicheka kwa mkupuo mmoja, kwa sababu utani ulikuwa wetu hata kama ngumi zilikuwa za Hong Kong.

Kisha zikaja simu na vifurushi, nami nikajiona nimeendelea. Hedifoni masikioni, maandishi ya tafsiri chini ya picha, naangalia peke yangu gizani. Kwa miaka hiyo, nikisikia filamu iliyosimuliwa ikipigwa kwa kinyozi au kwenye mabanda ya stendi, niliona ni mambo ya watu wasiojua Kiingereza. Maringo ya mtu aliyenunua simu.

Kitabu cha kwanza nilichomsomea mama ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Mkuki na Nyota waliitoa mwaka 2022, baada ya Gurnah kupata Nobel ya mwaka 2021. Kiingereza chake kilitoka mwaka 1994. Hesabu mwenyewe: miaka 28 kwa hadithi ya mtoto wa pwani yetu kufika kwenye lugha ya pwani hiyo. Nililazimika kuiagiza Dar na kuipokea stendi ya Msamvu kwa kondakta, maana maduka ya vitabu ya mjini kwetu yamejaa vitabu vya shule na vya dini.

Nilianza kwa kasi yangu ya zamani. Mama akanisimamisha. "Taratibu, baba. Huyo mtoto hajapanda treni bado."

Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa na baba yake kwa tajiri Aziz kufidia deni, mwenyewe akidhani anakwenda kumtembelea ndugu. Nilipofika mahali ukweli unapojulikana, mama akaweka kikombe chini. "Wajomba zake wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Sisi Waluguru ni watu wa upande wa mama. Mashamba na jina hupita kwenye lukolo, yaani ukoo, wa mama, na mtoto ni wa wajomba zake kwanza. Kilichomkera mama haukuwa ukatili wa baba yule peke yake, bali ni kwamba anagawa kisicho chake. "Kwetu," akasema, "kama ni kuwekwa rehani, angewekwa na mjomba. Baba angeanzia wapi?" Nimesoma maoni mengi ya wasomi juu ya riwaya hiyo, kuhusu ukoloni, biashara ya misafara na Wajerumani wanaochungulia mwishoni, na swali hilo sijalikuta popote.

Peponi ndiyo iliyonifundisha kwamba mdomo ni mhakiki mkali kuliko jicho. Jicho husamehe. Sentensi mbovu unaiteleza tu, unakwenda zako. Mdomo unakwama, na msikilizaji anasikia umekwama. Tafsiri ya Hadjivayanis haikunikwamisha mara nyingi. Zile kurasa za msafara wa kwenda bara, wapagazi na mizigo na mnyapara mwenye fimbo yake, nilijikuta nazisoma kwa pumzi ndefu na sauti ya juu, mpaka jirani akauliza kesho yake kama tulikuwa na maulidi. Lakini kitabu kingine, cha mwandishi wa leo ambaye simtaji, mama alikikataa mapema kabisa. "Huyu anaandika kama taarifa ya mkutano," akasema. Mimi peke yangu ningekimaliza na kukisifu.

Rosa Mistika ilikuja kwa agizo lake mwenyewe. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mama akiwa msichana wa shule, na ikapigwa marufuku mashuleni. Kwa hiyo aliisikia ikinong'onwa bwenini bila kuishika mkononi, na alisubiri zaidi ya miaka hamsini kujua kilichokuwa kikinong'onwa. Tatizo ni msomaji. Habari za Rosa, binti wa Ukerewe aliyelindwa na baba yake kwa fimbo na asifundishwe kujilinda, hazisomeki na mtoto wa kiume mbele ya mama yake. Nilifika mahali nikakohoa. Nikakohoa tena. Dada yangu akaninyang'anya kitabu, nami nikatoka nje nikajifanya natafuta bisibisi ya kukaza bawaba ya mlango.

Nilisikiliza kutoka barazani jioni zote zilizofuata. Dada anasoma tofauti na mimi, hapandishi wala hashushi, anatiririka tu, na maneno makali yanapita bila kupigiwa mbiu. Katikati ya ukurasa mama akapaza sauti, "Na wewe huko nje, bisibisi hiyo hujaiona tangu juzi?" Baada ya hapo tuliacha kujifanya. Kitabu kilipoisha, na kinaisha vibaya sana kwa kila aliyemo, mama alikaa kidogo kisha akatoa hukumu: waliofungia kitabu wangemfungia Zakaria kwanza. Zakaria ni baba yake Rosa.

Kwenye sinema mambo yalikuwa magumu zaidi. Mama alikuwa na tamthilia zake za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na hizo hazimsumbui, kwani Waturuki wale huongea saa nzima. Bongo movie nazo anazipenda. Kwa miaka mingi tumezisimanga filamu zetu kwamba zina maneno mengi, kwamba mtu akitaka kutoka atasema "ngoja nitoke," akifika atasema "nimefika." Kumbe kuna mtazamaji ambaye hayo yote anayahitaji. Kaa na mtu asiyeona mbele ya filamu ya marehemu Kanumba utaelewa.

Kisha mpwa wangu akatuletea Vuta N'kuvute kwenye kompyuta yake. Ni filamu ya Amil Shivji, mtoto wa Profesa Issa Shivji ambaye ni mzaliwa wa Kilosa, kwa hiyo kwa ubishi kidogo tunaweza kumdai ni wa mkoani kwetu. Ameitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ilioneshwa Toronto mwaka 2021, halafu Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Kwa macho, ni filamu nzuri kupita zote nilizoziona mwaka huu. Vichochoro vya Unguja vimepigwa kwa kivuli na mwanga kiasi kwamba unataka kuisimamisha uangalie ukuta. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anamtoroka mumewe, anakutana na Denge anayepigania uhuru, na mengi kati yao yanasemwa kwa kutazamana.

Kutazamana hakusikiki. "Wamekufa?" mama akauliza.

Ndipo nikaanza kusimulia. Mwanzoni kwa kunong'ona, kwa aibu ya mtu anayeharibu filamu nzuri: amegeuka, anamwangalia, mvua inanyesha, kuna askari kona ile. Mama akasema siyo hivyo, hivyo ni kama mtangazaji wa mpira. Nikajaribu tena. Nikamwambia Denge ana wasiwasi lakini anaringa. Nikamwambia Yasmin ameona kwamba anaringa na amependa. Mpwa wangu akacheka, akaongeza la kwake, na kufikia katikati tulikuwa tunabishana wote watatu juu ya sura ya mtu ambayo mmoja wetu hakuwa anaiona. Nilikuwa nimekuwa Lufufu. Taarabu ilipopigwa tu ndipo mama akaninyamazisha kwa mkono.

Filamu hiyo nimeirudia baadaye peke yangu, kimya, na hedifoni. Ilipwaya.

Kitabu kilichotuchukua muda mrefu zaidi si riwaya. Rafiki anayefanya kazi chuoni aliniazima Smoke in the Hills, kilichoandikwa na Mmarekani Roland Young pamoja na Henry Fosbrooke aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, kikatoka mwaka 1960. Kinahusu milima tunayoiona tukifungua mlango nyumbani kwetu Bigwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usiporomoke, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa hadharani. Polisi wakaja, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wenyewe ukafa muda si mrefu.

Mama ni wa Matombo. Wakati huo alikuwa mgongoni. Nilikuwa nikisoma aya ya Kiingereza kimoyomoyo, naigeuza Kiswahili, naisema, naye anaipokea au anairudisha. Nilipoeleza kwamba kule mlimani udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu ule mwekundu usioota kitu, akasema, "Bibi yako aliyasema hayo bila kuandika kitabu." Nilipofika kwenye machifu na mikutano na barua za maofisa, akachoka, akaanza yake: jinsi bibi alivyokimbilia kwenye migomba akiwa na mtoto mgongoni, na alivyomziba mdomo asilie. Mtoto ni yeye. Hakumbuki chochote, amesimuliwa, lakini anasimulia kama mtu aliyekuwa akichungulia.

Jioni hizo kitabu kilikaa mapajani pangu muda mwingi bila kufunguliwa. Nimekirudisha kwa mwenyewe nikiwa sijakisoma hata nusu, na nakihesabu kitabu bora cha mwaka.

Sasa tuko kwenye Mzee Rukhsa, maisha ya Ali Hassan Mwinyi kama alivyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili mwaka 2021, miaka mitatu kabla hajafariki. Tunakwenda polepole kupita kiasi. Mzee akisema jambo moja kuhusu uhaba wa bidhaa alioukuta, mama anaingiza foleni yake ya sabuni, nani alimpanga, nani alimchomekea, na kitenge alichouziwa kwa mlango wa nyuma. Akitaja ruhusa ya biashara, mama anakumbuka gauni lake la kwanza la mitumba na rangi yake. Dada anataka tuharakishe kwa sababu ameahidiwa na mtu wa Dar nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ile ya mwaka 1960. Mama ameshauliza kama ni kweli Bwana Msa, mpelelezi wa humo, anavuta kiko, na kama ni kweli, tumbaku anaitoa wapi.