Malka za Kompaila

Nimekuwa kimya kwa muda, lakini kisa hiki nimekaa nacho tangu Aprili 2024 na leo nakitoa. Kinahusu kompaila, yaani ile programu inayogeuza msimbo tunaoandika kuwa amri ambazo prosesa inazielewa. Kinahusu pia Mto Tana. Vumilieni kidogo, mtaona vinavyokutana.

Kwetu ni Garsen. Mwezi ule mvua zilikuwa kubwa, na sisi watu wa bondeni hatuogopi mvua yetu pekee. Mabwawa ya Seven Forks huko juu yakijaa na kumwaga, maji hutufikia siku kadhaa baadaye, hata kama kwetu jua linawaka. Babu analima mpunga na ndizi karibu na mto. Nikaona safari hii niende na kifaa changu: kibao kidogo chenye chipu ya RISC-V ya biti 32, na kihisi kinachopiga mlio kuelekea majini na kusubiri mwangwi. Chipu ikihesabu muda wa mwangwi kurudi, inajua maji yamepanda kiasi gani, kisha inatuma SMS. Ulikuwa mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni, 2020, na ulifanya kazi vizuri tu.

Basi nikafungua kompyuta yangu mpya, nikaukompaili msimbo uleule bila kugusa hata herufi moja. Ukakataa! Asembla ikadai kwamba haiitambui amri ya csrr mpaka kuwe na nyongeza iitwayo zicsr. Amri hiyo ndiyo niliyotumia kusoma kihesabio cha muda. Bila hiyo, mwangwi haupimiki.

Nieleze kidogo. RISC-V ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni mpangilio huria wa amri za prosesa: yeyote anaweza kutengeneza chipu inayoufuata bila kulipia leseni. Lakini chipu bila kompaila ni mtumbwi bila pondo, na kompaila nayo haisafiri peke yake. Binutils, yenye asembla na kiunganishi, ilianza kuja na RISC-V Machi 2017. GCC 7 ikafuata Mei 2017, Linux 4.15 Januari 2018, na maktaba ya glibc 2.27 Februari 2018. LLVM iliacha kuihesabu RISC-V kuwa ya majaribio katika toleo la 9, Septemba 2019. Hii ni miradi tofauti, yenye watu tofauti na ratiba tofauti, na hakuna bosi mmoja wa kuwaamuru wote.

Kinachowaweka pamoja ni makubaliano yaliyoandikwa. Chukua mfano wa rejista 32 za prosesa. Makubaliano yanasema a0 hadi a7 hubeba vitu ambavyo sehemu moja ya programu inaikabidhi nyingine. Rejista za s0 hadi s11, anayeitwa lazima aziache kama alivyozikuta. Za t0 hadi t6 anaruhusiwa kuzivuruga. Maktaba iliyokompailiwa na GCC ikikutana na programu iliyokompailiwa na LLVM, na mmoja wao amelielewa jambo hili vingine, huenda usione kosa lolote kwenye skrini. Utapata tu majibu ya uongo, na kwa mtu anayepima mafuriko, jibu la uongo ni baya kuliko kukosa jibu.

Babu aliniona nimeshika kichwa akauliza, "Mjukuu wangu, ni nani aliyekosea?" Nikamwambia hapo ndipo penye tabu, hakuna. Zamani amri zile zilikuwa ndani ya msingi wa RISC-V. Maelezo rasmi ya mwaka 2019 yakazitoa na kuziweka kando kwa jina la Zicsr, kwa sababu si kila chipu ndogo inazihitaji. Binutils 2.38 ikaanza kulifuata hilo Februari 2022, na GCC 12 Mei mwaka huohuo. Msimbo wangu ulibaki 2020.

Akacheka. "Kumbe ni mambo ya malka."

Kwa msiojua, malka ni njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa. Wapokomo tunalima kando ya mto, Waorma wanatoka na ng'ombe mbali, na malka ndiyo inayotuwezesha kuutumia mto mmoja. Babu alisema mto ulipobadili njia, wazee wa pande zote walikaa wakahamisha malka moja. Mchungaji aliyekuwa mbali miezi mingi akarudi akapita palepale alipozoea, ng'ombe wakaingia kwenye mahindi. Aliyelima alikuwa na haki, na aliyechunga alifuata njia aliyoijua. Habari tu ndiyo haikumfika. Babu hakuendelea. Mwaka 2012 na 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, na ugomvi wa maji na malisho ulikuwamo.

Nikaongeza neno _zicsr kwenye mpangilio wa msimbo, ukakubali. Nikamtumia rafiki yangu aliye Nairobi aukague, kwake ukakataa: Clang yake ya zamani haikulijua jina hilo! Ilibidi apakue mpya. Mimi nilikuwa nikihangaika na bando na umeme unaokatika, na siku mbili zikapotea hivyo.

Usiku wa pili maji yalipanda. Kifaa changu kilikuwa bado mezani. Babu alikuwa amechomeka fito ukingoni akaikata alama kwa panga, na saa tisa usiku alipoikagua kwa tochi alituamsha. Tuliokoa mbegu za mpunga na mbuzi wote. Ndizi za upande wa chini zilikwenda.

Tangu siku hiyo kila mradi wangu una faili inayotaja toleo la GCC, la binutils, na nyongeza zote za RISC-V ninazotumia, na nakala ya kompaila yenyewe naiweka kwenye diski. Nimeanza pia kufuatilia mijadala ya watu wa GCC na LLVM kuhusu nyongeza mpya. Zamani niliiona kama porojo ndefu juu ya majina. LLVM, kwa mfano, huiweka nyongeza ambayo bado haijaidhinishwa nyuma ya swichi ya majaribio, ili asiyejua asiingie kwa bahati mbaya. Sasa najua kwa nini wanabishana wiki nzima juu ya neno moja.

Kifaa kiko mtoni sasa, kimefungwa kwenye mwembe. Fito ya babu bado imesimama pembeni yake, na kila nikienda nyumbani tunalinganisha. Haya, tuonane siku nyingine.