Kupiga Picha Penye Bembea za Kigamboni na Ufukoni Kimbiji

Wengi wenu mna watoto au ndugu Dar es Salaam, na siku moja mtakaribishwa kwenda kuwatazama. Hapana shaka watawavusha ng'ambo, Kigamboni, kwa pantoni ya Magogoni au kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Upande huo iko bustani ya michezo iitwayo Fun City, yenye bembea za mashine na miteremko ya maji. Na mkishika barabara ya Kibada na Mwasonga mtafika Kimbiji, penye wavuvi, kando ya Bahari ya Hindi. Siku hizi karibu kila kijana ana simu ya kupigia picha. Basi nataka kuwaambia jinsi ya kuitumia huko, ili mrudi na picha, si na vivuli.

Tuanze na bembea, maana watoto hawatakubali kuanza na jambo jingine. Kitu kiendacho mbio hutoka katika picha kama moshi. Lakini itazameni bembea yo yote, hata ile ya kamba ya mwembeni kwenu: ifikapo mwisho wa kupanda, kabla ya kurudi, husimama nukta moja. Hapo ndipo pa kubonyeza. Bembea ya kuzunguka haisimami. Kwa hiyo mchague mtoto mmoja, mmfuate kwa simu kama mwindaji wa manati amfuatavyo ndege, mkabonyeze huku mkono ungali unakwenda. Uso utatulia, na miti ya nyuma itavutika kama rangi iliyopakwa kwa brashi.

Gurudumu kubwa la kuinua watu lilibuniwa na Mmarekani, George Ferris, likasimamishwa mjini Chicago mwaka 1893. Lilikuwa na vibanda 36, na kila kimoja kiliweza kuchukua watu 60! Penye gurudumu la namna hiyo, wapiga picha wengi husimama mbali wakitaka kulipata lote. Hupata chuma kingi, na shangazi yao mdogo kama sisimizi. Mimi naona afadhali kungoja chini, kibanda chenu kifikapo karibu na ardhi, mkapiga nyuso. Chuma hata mgeni mwingine atakipiga.

Nasema hivi juu ya nyuso kwa sababu. Kazi yangu ya ukarani wa parokia hunikutanisha na wafiwa. Wakiisha kuandikisha jina la marehemu, mara nyingi huuliza kama ofisini iko picha yake, maana nyumbani hakuna ya kuweka mbele ya jeneza. Katika simu za wajukuu mna picha mia za vyakula na magari. Ya bibi ni ile moja ya kitambulisho, ametoa macho kama aliyeshtuliwa usingizini. Wazee wenyewe husema, "Niacheni mimi, wapigeni watoto." Katika neno hili moja msiwatii.

Basi bibi akiwa pamoja nanyi, mpelekeni Kimbiji, lakini angalieni saa. Pwani ile hutazama mashariki. Asubuhi jua hutoka baharini, na mtu aliyeipa bahari mgongo uso wake huwa mweusi kama chungu. Watu hupiga wakati huo, kisha hulaumu simu! Saa sita mchana ni vibaya zaidi, hasa mwezi wa Machi na wa Oktoba, maana jua hupita karibu na utosi, na kivuli cha nyusi huziba macho. Ngojeni saa kumi. Hapo jua liko upande wa minazi, huangaza uso wa bibi, na nyuma yake bahari hung'aa kwa rangi yake yenyewe. Tena siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo, maji ya bamvua hujaa sana alasiri hiyo hiyo, na ngalawa huelea karibu. Siku nyingine huenda mkakuta maji yamekwenda mbali.

Wavuvi waamkieni kwanza, mwaombe ruhusa. Mtu anayeshona wavu wake yuko kazini, si pambo la ufuko. Na penye askari, au bango la kukataza, simu ikae mfukoni.

Mkirejea mjini, kabla ya kupanda basi la kwenu, ingieni studio mkasafishiwe walau picha tano za karatasi. Simu huibwa, tena huanguka majini, na picha zake hupotea nayo. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli jina la mtu, mahali na mwaka. Ile ya bibi safisheni mbili, moja mpeni mwenyewe aitundike anapotaka.