Treni za baba mkwe

Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 78 anayeishi Ujerumani, ana reli ndogo katika chumba cha chini ya nyumba. Treni zake ni za kipimo cha 1:87. Mwaka jana mikono ilianza kumtetemeka, akashindwa kuongoza mwendo. Akasema atauza vyote.

Mwanangu wa miaka 13 alimwomba asubiri. Aliunganisha kompyuta na reli, akaweka programu ya bure iitwayo JMRI. Ndani ya kila kichwa cha treni mna kifaa kidogo chenye namba yake, hivyo amri hutiiwa na treni iliyoitwa tu, ingawa zote zinapata umeme kwenye reli zilezile. Mpangilio uitwao CV3 huamua treni ichukue mwendo polepole kiasi gani. CV4 huamua inavyopunguza. Hata mkono ukitetemeka, treni haishtuki.

Sasa babu anapanga ratiba, mjukuu anaiingiza kwenye kompyuta. Wanabishana kama mabwana stesheni, na hakuna anayetaja kuuza.

Wazazi wenzangu, tusikimbilie kusema kompyuta inawatenga watoto na wazee. Tuulize kwanza wamekaa nayo na nani.