Kupima Mawe Hakuongezi Shaba



Mwezi huu ninapenda kuzungumza na vijana wanaotayarisha mitihani, pamoja na wazazi wanaolipa pesa ya mitihani ile. Sitasema juu ya wavivu, sababu wavivu wamekwisha kuhubiriwa vya kutosha. Ninasema juu ya kijana mwenye bidii. Anasoma mpaka saa sita ya usiku kwa mwangaza wa telefoni, anajipima leo, anajipima kesho, anajipima tena kesho kutwa, na pointi zake zinabaki palepale. Huyu ndiye anayekuja kwa mchungaji na macho mekundu na kusema: "Pasta, pengine Mungu hataki."

Kijana mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu hivyo. Anafanya kazi ya kontabilite katika kampani moja ya migodi, na alitaka kuendelea na masomo makubwa ya usimamizi wa biashara, yale wanayoita MBA. Shule nyingi za masomo hayo, kule Afrika Kusini, Ufaransa, Uingereza na Marekani, zinaomba ama zinakubali mtihani mmoja unaoitwa GMAT. Niruhusu nikueleze kidogo, maana hata mimi nilipaswa kuelezwa.

Mtihani huu unafanywa kwa kompyuta na kwa Kiingereza. Tangu mwisho wa mwaka 2023 umekuwa na namna mpya: sehemu tatu, kila moja dakika 45. Kuna hesabu, maswali 21. Kuna kusoma na kupima hoja, maswali 23. Kuna kuelewa majedwali, michoro na takwimu, maswali 20. Jumla ni maswali 64 katika saa mbili na robo. Pointi zinaanzia 205 na kuishia 805. Kujiandikisha peke yake kunapita dola 200, na ukishindwa hawakurudishii kitu. Katika nyumba nyingi za kwetu pesa ile ni unga wa miezi. Mama yake alikuwa ameuza vitenge vyake viwili ili kuongeza pale palipopunguka.

Kijana alikuwa amejipima mara tano. Wenye mtihani wanatoa mitihani ya majaribio kwenye intaneti, na miwili ya kwanza ni ya bure. Alifanya yote miwili, akatafuta mingine huku na huku, akarudia ule wa kwanza. Alinionyesha hesabu kwenye karatasi: 485, 505, 485, 495, 525. Ile 525 ilimpa furaha siku moja tu, kisha akakumbuka kwamba maswali mengi alikuwa ameyaona mbele. Sasa alitaka mambo mawili kwangu: nimwombee, na nimpe ruhusa ya kutumia chumba cha katekisimo siku ya Posho ili ajipime mara ya sita.

Nilimwombea. Kisha nikamwuliza: "Mwanangu, yale uliyokosa yako wapi?"

Akajibu: "Sikuyaandika, Pasta. Nikiona pointi, roho inaumia, ninafunga kompyuta."

Ndugu msomaji, sisi wa sehemu za migodi tunaweza kuelewa jambo hili upesi kuliko watu wa miji mingine. Mchimbaji anatoa mawe chini, anayapeleka penye kuuzia, wanaweka mashine ndogo juu yake, na mashine inasema shaba iliyomo ni kiasi fulani. Kama kiasi ni kidogo, je, akirudisha mawe yaleyale mara kumi mbele ya mashine, shaba itaongezeka? Hata! Kupima hakuongezi kitu. Ili shaba itoke, mawe yanapaswa kupondwa, kusagwa, kuoshwa, kutiwa dawa, kupita motoni ama katika umeme. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na inachukua muda mrefu kuliko kupima. Kijana wetu alikuwa anapima, anapima, anapima. Mawe yake yalikuwa bado hayajapondwa.

Mtume Yakobo katika sura ya kwanza anatupa mfano wa mtu aliyejitazama katika kioo, akaenda zake, akasahau namna alivyo. Mtihani wa majaribio ni kioo. Mwenye kufunga kompyuta kwa sababu roho inamuuma ni yule mtu wa Yakobo.

Mimi nilisoma shule ya Biblia. Hesabu zao sizijui. Lakini kazi ya uchungaji imenifundisha kuuliza "sababu gani?" na kungoja jibu. Basi tulinunua kaye moja ya kurasa mia. Nikamwambia arudi nyumbani, afungue jaribio la mwisho, na kwa kila swali alilokosa aandike mambo manne: swali lilitaka nini, yeye alijibu nini, sababu ya kukosa, na siku gani atalirudia. Tena nikamwonya asitazame jibu la kweli kwanza. Alifanye swali upya bila saa, polepole, halafu ndipo atazame.

Alirudi nyuma ya juma moja na uso mwingine. Maswali aliyokosa yalikuwa 27. Yale ambayo kweli hakujua hesabu yake yalikuwa 6 tu. Mengine 7 yalimshinda kwa sababu ya Kiingereza, maana alisoma shule yake yote kwa Kifaransa. Maswali 4 alijibu kwa kubahatisha kwa sababu saa ilikuwa imekwisha. Na 10 aliyafanya vizuri kabisa aliporudia bila haraka. Kumi! Alikuwa anayajua siku zote.

Nitakupa mfano wa namna alivyokosa, kwa maneno ya kwetu. Tuseme gunia la unga ni franga 50 000. Bei inapanda kwa 20 kwa mia. Kisha inashuka kwa 20 kwa mia. Je, imerudi pale ilipokuwa? Mwenye haraka anasema ndiyo. Lakini 20 kwa mia ya 50 000 ni 10 000, bei inafika 60 000. Na 20 kwa mia ya 60 000 ni 12 000, bei inashuka mpaka 48 000. Mtu wa kontabilite anajua hiyo hata akiamshwa usiku. Ni haraka iliyomwibia. Alikuwa ametumia miezi miwili akisoma vitabu vya hesabu, na ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Kaye ndiyo iliyomwonyesha dawa ya kukamata.

Kwa yale maswali 6, alitafuta mwalimu wa hesabu, wakafundishana jioni tatu. Kwa Kiingereza, alianza kusoma ukurasa mmoja kila asubuhi mbele ya kwenda kazini, na kusema kwa kinywa chake mwandishi anataka kuhakikisha nini na ameegemea juu ya nini. Kwa haraka, alijifundisha kuweka kidole juu ya neno la mwisho la swali na kujiuliza: wananiomba nini? Kwa saa, alifanya hesabu ndogo: maswali 21 kwa dakika 45 ni kama dakika mbili kwa kila swali. Swali moja likikula dakika tano, limekula ndugu zake. Alizoea kuchagua jibu lililo karibu, kuweka alama, na kuendelea, maana mtihani huu unaruhusu kurudi na kubadili majibu matatu katika kila sehemu. Lakini kuacha maswali ya mwisho bila jibu kunapunguza pointi, basi asiache hata moja.

Jaribio jipya hakulifanya tena mpaka majuma matatu yalipopita na kaye ilipojaa kazi. Siku ile nilimpa kile chumba cha katekisimo. Tuliweka masharti ya kweli: telefoni ilibaki kwangu, mashine ya kuhesabia hairuhusiwi katika sehemu ya hesabu, mapumziko ni dakika kumi tu, hakuna kutoka nje kusalimia watu wa kwaya. Maana mtu anayejipima nyumbani akiwa na chai mkononi, anasimamisha saa wakati mtoto analia, anajipa pointi za uongo. Alipata 535. Si nyingi, lakini zilikuwa zake. Juma lilelile akarudi kwenye kaye.

Sasa nikueleze jaribu lililomfikia katikati ya safari, kwa sababu litakufikia na wewe. Rafiki alimletea habari kwenye telefoni: kuna watu wanauza maswali ya kweli ya GMAT kwa dola 50. Kijana akaniuliza wazi: "Pasta, ni dhambi kweli, ama ni kujitayarisha?" Nilimheshimu kwa kuuliza mbele ya kununua.

Nikamwambia: kwanza, mara nyingi muuzaji wa namna hiyo anakuuzia upepo. Pili, hata kama ni kweli, ni mali ya wizi. Mwaka 2008 shirika lenye mtihani huo lilifuta pointi za watu 84 waliohusika na ukurasa wa intaneti uliokuwa unatoa maswali ya kweli, na shule zikapewa habari. Lakini hata kama hakuna atakayekushika, nikamwambia, wewe ni mtu wa kontabilite. Kesho watakupa kitabu cha pesa za wafanyakazi elfu. Moyo ambao umejifunza kwamba tarakimu inaweza kununuliwa, utauacha mlangoni siku ile? Hakununua. Sikumwona akifurahi siku ile, aliondoka kimya. Kutii hakuleti furaha palepale kila mara.

Nyuma ya miezi minne aliandika mtihani wenyewe. Alikuwa ametamani 605. Alipata 575. Shule moja ilimkataa, nyingine ikamkubali, na sasa anaendelea kutafuta pesa ya kulipa masomo. Ninakuambia yote, ndugu msomaji, maana hadithi za gazeti la kanisa zisiishie kila mara na ushindi wa kupiga vigelegele. Toka 485 mpaka 575 ni kazi ya mikono yake, kwa neema ya Mungu. Zile pointi 30 zilizobaki hazikumfanya kuwa mtu mdogo nyumbani mwa Mungu, na kama angezipata zisingemfanya mkubwa.

Lakini wengi wenu hamtaandika GMAT. Mnatayarisha Exetat. Neno ni lilelile. Ninawaona wafinalisti wananunua vitabu vya maswali ya miaka iliyopita, wanakariri herufi: la tano ni B, la sita ni D. Mwaka huu la tano halitakuwa B. Ukijibu swali la zamani, usiridhike kwamba umelipata. Jiulize kama unaweza kumwelezea mdogo wako sababu gani ni B, na sababu gani A haiwezi kuwa. Ukishindwa kueleza, hulijui bado, hata kama herufi ni ya kweli.

Wazazi wapendwa, na kwenu nina neno. Mtoto akirudi na jaribio, swali letu la kwanza ni "Umepata ngapi?" Tukisikia ni kidogo, tunapiga kelele, tukisikia ni nyingi, tunanyamaza. Hivyo tunamfundisha kuficha karatasi. Jaribu juma hili kuuliza namna nyingine: "Nionyeshe moja uliyokosa, unieleze." Hata kama wewe mama hukusoma sana, hata kama wewe baba umetoka zamu ya usiku na usingizi unakushika, keti dakika kumi umsikilize. Mtoto anayeeleza kosa lake mbele ya mtu anayempenda amekwisha kuanza kuliponda lile jiwe.

Tena msiwakataze kulala, wala msiwaondolee Siku ya Bwana. Kichwa kilichochoka kinasoma "kupanda" mahali palipoandikwa "kushuka". Yule kijana hakufungua kaye yake hata Jumapili moja. Aliimba na kwaya, akala na ndugu zake, na Siku ya Kwanza asubuhi alirudi kazini akiwa na nguvu.

Basi wewe uliye na mtihani mbele yako, leo usijipime. Kamata jaribio lako la mwisho, lile lililokuumiza roho, ulifungue. Anza na swali la kwanza ulilokosa. Omba, kisha uandike: sababu gani?

Bwana awape subira na akili.