Dereva wa Ridhaa

Mwezi uliopita mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam aliniletea swali kwa simu. Aliliambatanisha na picha za magari ya kifahari yakipinda kona baada ya kona katika njia ya lami iliyokatwa mlimani, isiyo na mtembea kwa miguu hata mmoja. "Babu," aliandika, "hawa si madereva wa mashindano. Ni watu wenye fedha zao, wamelipa uanachama wa klabu ili waje kuyakimbiza magari yao wenyewe. Kwa Kiswahili tuwaiteje?"

Nyinyi wapenzi wa lugha mnaujua ugonjwa wangu. Mtu akiniuliza istilahi, chai hupoa. Nilimjibu siku ya tatu: mwite dereva wa ridhaa.

Neno hili hatukulitunga sisi walimu. Watangazaji wa michezo ndio waliotuzoesha kusikia habari za ngumi za ridhaa upande mmoja na ngumi za kulipwa upande wa pili. Waingereza neno lao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake katika Kilatini ni kupenda: mchezaji wa namna hii, kwao, ni mwenye mapenzi. Sisi tulipotafuta neno letu hatukuangalia mapenzi. Tuliangalia kukubali. Mtu ameridhia kuingia ulingoni na kupigwa, naye hadai malipo. Nimekuwa nikilisifu neno hili kwa miaka mingi mbele ya wanafunzi, nikidhani nimelielewa.

Picha zile zilikuwa za Magarigawa, klabu iliyofunguliwa mwaka 2023 katika mkoa wa Chiba nchini Japani, yenye njia ya kilomita 3.5 hivi. Marekani wanayo Monticello, katika jimbo la New York, tangu mwaka 2008. Mwanachama hufika na gari lake, au hulikuta limehifadhiwa pale pale, akavaa kofia ngumu, akazunguka mpaka moyo wake utulie, kisha akaenda kula. Kiingilio chake sitakitaja, maana mshahara wangu wote wa ualimu, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ungeona aibu kukisogelea. Lakini wazo lenyewe si geni. Mwaka 1907 Mwingereza mmoja, Hugh Locke King, alijenga katika shamba lake mwenyewe, huko Brooklands, uwanja wa kwanza duniani uliokusudiwa mbio za magari. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikataza gari kuzidi maili 20 kwa saa barabarani, yaani kilomita 32 hivi. Mwenye hamu ya kwenda zaidi ya hapo alilazimika kutafuta ardhi isiyo ya umma. Kwa hiyo uwanja ulizaliwa na katazo.

Mjukuu wangu alifurahia neno. Akajibu kwa haraka ya vijana: "Basi hata sisi ni madereva wa ridhaa, Babu. Ila sisi hatuna uwanja. Tunasubiri usiku wa manane, barabara inakuwa tupu." Akaongeza vichekesho vitatu vya rangi ya njano.

Sikujua kwamba kuna "sisi". Nilidhani anasoma.

Ningemkemea kwa wepesi kama nisingekuwa mtoto wa Rubya wa enzi ya redio. Kila Pasaka, baada ya ibada, tulikusanyika nyumbani kwa jirani mwenye redio kusikiliza habari za Safari, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, aliyeishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, nasi wadogo tukamhesabu kuwa wa kwetu ingawa alikuwa Mskoti. Shujaa wangu hasa alikuwa Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumiwa na wengine, kisha akarudia mwaka 1974 na 1976. Tulichonga vigari vya miti, tukavipaka mawese magurudumuni, tukateremka navyo kati ya migomba tukiunguruma kwa midomo. Mimi nilikuwa Joginder. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa Joginder nikiwepo.

Jambo moja hatukuliuliza. Magari yale yalipita katika barabara za watu. Hazikufungwa. Mabasi, ng'ombe na wanawake waliotoka sokoni waliendelea na safari zao huku mshindani akija kwa kasi ya kutisha. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, yalikimbiwa kwenye njia zilizofungwa, nyingine zikiwa ndani ya mashamba na hifadhi za watu binafsi kama Soysambu. Wapo wanaosikitika kwamba utamu umepungua. Nilikuwa mmoja wao, nalisema hili kwa haya.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tangu nitoke Chuo cha Ualimu Butimba. Binamu yangu, bwana shamba, alikuwa na pikipiki. Mwalimu mwenzangu alikuwa na nyingine. Jumamosi moja mchana tuliwekeana dau, Muleba hadi Rubya, atakayechelewa anunue rubisi ya jioni. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, kavu, na vumbi la mwenzangu lilikuwa mbele yangu kama pazia. Niliongeza mwendo ndani ya vumbi lile. Mama mmoja mtu mzima alitoka katika kibanja chake na mzigo wa nyasi kichwani, zile nyasi laini tunazotandaza sakafuni. Nilichokiona kwanza ni nyasi, zimetapakaa hewani.

Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Ulitibiwa, ukaunga, lakini ukaunga ukiwa mfupi. Wazee waliamua, nikalipa nilichoambiwa kulipa, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Baada ya miezi minne nilikwenda kwake, maana nilikuwa sijafungua kinywa changu mbele yake. Alinikaribisha ndani, akaniwekea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo kama anavyowekewa mgeni yeyote. Nilikaa juu ya nyasi nikasema, kwa Kiswahili, sijui kwa nini si kwa Kihaya: "Mama, naomba uniwie radhi."

Alitafuna kwanza. Kisha akaniuliza, kwa Kihaya, nami naifasiri: "Hizo mbio zenu, mlikubaliana na nani?"

"Na mwenzangu."

"Mimi mlinihesabu wapi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hesabu ilivyokwenda. Sikuwa na jibu, akaisogeza kahawa karibu nami.

Miaka yote niliyofundisha sarufi niliweza kuandika ubaoni bila kitabu: ridhia, ridhisha, ridhaa, radhi. Mzizi mmoja kutoka Kiarabu. Yule anayeingia ulingoni kwa ridhaa na yule anayekuja baadaye kuomba radhi wamechota kisima kimoja. Niliiandika safu hiyo kwa chaki mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuwaambia wanafunzi ni nani aliyeniuliza swali lake. Ndiyo maana siwadharau tena matajiri wa Chiba na Monticello. Wivu ninao, bila shaka. Ila kila aliye ndani ya uzio wao amekwisha kukubali, na mama mwenye mzigo wa nyasi hawezi kutokea kona yoyote.

Barabara ya usiku wa manane si tupu. Muuguzi anatoka zamu. Mlinzi anavuka kununua sigara.

Kwa hiyo nilimwandikia mjukuu wangu barua ndefu, si ya istilahi. Nilimweleza juu ya pikipiki, vumbi, mguu na kahawa. Bibi yake alipata kusikia kwamba niliwahi "kuanguka". Hilo ndilo neno nililolitumia nyumbani kwa miaka thelathini na tisa, nami nimelisahihisha kwake pia, jioni ile ile, kabla sijaituma. Nilimwambia kijana kwamba yule mama aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na kwamba kila nilipokutana naye barabarani nilishuka baiskeli, nikaikokota mpaka nimpite, naye akanisalimu kwa jina langu la ualimu.

Nikamwambia pia kwamba neno nililompa nalichukua, nitampa jingine akishanijibu yeye wamekubaliana na nani.

Alama mbili za buluu zimeonekana tangu Jumatano. Bado hajaandika kitu.